Si Mgeni, Si Mfungwa

Kila jioni, kabla giza halijaingia, mke wa dereva huifuta simu kwa upindo wa gauni lake na kuiweka dirishani juu ya bakuli lililofunikwa. Ni mahali pekee katika vyumba vile viwili ambapo mtandao hauna kigugumizi. Huvuta kiti cha mama mkwe, akavuta na stuli yake, na binti yao mdogo huketi sakafuni kati yao, amebana midomo kama aliyeahidiwa pipi. Hapo hungoja.

Simu ikilia, mama mkwe ndiye hupokea, maana mtoto ni wa mama kabla hajawa wa mke. Humuuliza mwanawe kama amekula, kama kile kikohozi kimepungua, kama blanketi bado analo. Kisha simu humshukia mtoto, naye huimba wimbo wa shule mpaka aishiwe pumzi. Mke hufikiwa mwisho kabisa, wakati salio limebaki la kusalimiana na kuagana.

"Mama Kimya," mumewe humwita hivyo tangu siku za uchumba. "Hamjambo hapo?"

"Hatujambo. Wewe?"

"Mimi nipo tu."

"Haya."

"Haya."

Simu ikishakatika, huendelea kuishika mkononi mpaka joto lake liishe.

Jioni ile simu ililia kama kawaida, mama mkwe akapokea kama kawaida, na uso wake ukabadilika kabla hajasema neno. Sauti haikuwa ya mwanawe. Ilikuwa ya yule dereva mtu mzima waliyemzoea kwa jina la Breki, mmoja wa madereva waliozuiliwa pamoja naye mpakani.

"Shikamoo, mama. Nipe shemeji."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nipe shemeji, mama yangu."

Mke aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Shemeji, jikaze," alisema Breki. "Asubuhi walikuja watu wawili na gari lisilo na maandishi. Wakamwita yeye peke yake. Wanasema ni lori lake ndilo lililokutwa na mzigo usioandikwa, simu mpya chini ya magunia ya saruji. Tumeuliza anapelekwa wapi, tukaambiwa tukaoshe sahani zetu."

"Lakini kontena lilikuwa na lakiri," alisema mke, kwa sauti ndogo mno hata Breki akamwambia arudie. "Nasema kontena lilifungwa kwa lakiri. Dereva hafungui kontena."

"Unaniambia mimi, shemeji? Mimi nimeendesha malori tangu wewe hujaota meno."

Simu ilipokatika, mtoto alikuwa bado amebana midomo, anangoja zamu yake ya kuimba.

"Leo baba kachoka, mke mwenzangu," bibi yake alimwambia, akimvuta mapajani. "Niimbie mimi."

*

Mama mkwe alikuwa na jibu moja kwa mtaa mzima: mwanangu yuko safarini. Alilisema dukani, alilisema bombani, na alilisema mara mbili mbili kwa jirani aliyeitwa Mama Redio, mwanamke ambaye habari kwake hazikuhitaji betri. Hakuwa mwongo. Aliamini kwamba neno likishatoka mdomoni huenda kumtafuta mwenyewe popote alipo, na yeye hakutaka neno la jela limfikie mwanawe likitokea kwa mama yake.

Mke wa dereva aliijua safari. Alikuwa ameolewa nayo. Alijua kulala upande wake wa kitanda bila kuvuka katikati, na kutofua lile shati la mwisho lililotundikwa nyuma ya mlango. Lakini safari ina siku ya kurudi, hata kama siku yenyewe husogezwa na matope na foleni za mpakani. Hii haikuwa na siku. Malori matano yalikuwa yamezuiliwa katika yadi ya forodha upande wa pili wa mpaka, na madereva wake wakaambiwa wangoje. Wangoje nini, hakuna aliyesema. Kulala kwao kulikuwa chini ya matela, na lango lilikuwa na askari.

Kesho yake Katibu wa chama cha madereva alifika na bahasha kwapani. Yeye mwenyewe alikuwa dereva zamani, mpaka jeki ilipomteleza ikamwachia mguu mmoja mgumu kama mti. Alikaa, akaunyoosha ule mguu hadi katikati ya chumba, mtoto akauruka.

"Binti," alisema, "ile barua yako imejibiwa."

Mke wa dereva alikuwa akifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa amesoma chuo, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote waliokuwa na mtu katika ile yadi. Kwa hiyo wake wa madereva walipoamua kumwandikia mwanasheria mmoja wa nchi ile, mwanamke aliyesifika kwa kuwasaidia watu waliozuiliwa, kazi ilimwangukia yeye. Aliandika pale nyumbani mezani, mama mkwe amesimama begani kwake kama msimamizi wa mtihani.

"Umwandikie vizuri," mama mkwe alikuwa amesema. "Usiweke maneno ya kufungwa fungwa humo."

Naye hakuyaweka. Alikuwa mwoga wa maneno makali tangu utotoni; hata mgonjwa aliyekata kauli angemwita mtu asiyejisikia vizuri. Aliandika, kwa Kiingereza safi kilichonyooka, kwamba waume zao walikuwa wanakaa katika yadi ya forodha na wangefurahi kusaidiwa.

Sasa Katibu alimkabidhi jibu. Alilisoma kimya, masikio yakapata moto.

"Tusomee na sisi," alisema Katibu.

"Anauliza..." alimeza mate. "Anauliza, kama wanakaa tu, nani anawazuia kuondoka? Anasema alidhani tunaomba nafuu ya kodi ya maegesho."

Katibu alicheka, kisha akaona uso wa binti akaacha. "Umewaandika kama watu waliokwenda harusini! Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Wewe nawe!" mama mkwe alifoka. "Mbele ya mtoto?"

"Ni methali, mama."

"Methali nyingine zina nguo."

Mke alikuwa bado anasoma, sasa kwa sauti, akiwatafsiria. Chini ya maneno yale ya baridi, mwanasheria alikuwa ameandika mengine yenye subira. Alieleza kwamba kwao kila neno lina lango lake. Akiambiwa mtu ni 'prisoner', ataelewa amehukumiwa, na ataenda gereza kuu kuomba kumwona, wangoje rufaa. Akiambiwa mtu ana kesi mahakamani, ataenda kwa hakimu kumwombea dhamana. Lakini akiambiwa mtu ni 'detainee', amezuiliwa tu bila kufikishwa popote, ataenda kwa jaji kuomba mtu huyo aletwe mbele yake, na jambo hilo halichukui muda mrefu. "Nikigonga lango lisilo lake," aliandika, "wataniambia hayupo, na watakuwa wanasema kweli."

"Basi mwandikie 'hostages'," alisema Katibu. "Mateka! Neno hilo linaamsha watu usingizini."

"Mateka huwa anadaiwa kitu cha kumkomboa," alisema mke taratibu. "Akituuliza wanadai nini, tutamjibu nini? Ataona tumeongeza chumvi, asituamini na mengine."

"Na 'inmate' je?"

"Hilo ni mtu yeyote aliye ndani. Halisemi ameingiaje."

Mama mkwe alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewaona watu wakichagua sanda.

"Mwandikieni yuko safarini," alisema.

Shida ilikuwa kwamba hata hao wawili hawakujua neno lipi sasa ni lake. Tangu ahamishwe, dereva angeweza kuwa amefikishwa mahakamani, angeweza kuwa amehukumiwa, wasiambiwe. Pengine neno lake lilikuwa limebadilika jana asubuhi, ndani ya lile gari lisilo na maandishi. Mtu wa kujua alikuwa mmoja tu, meneja wa kampuni yenye malori.

"Mimi hanipokei tena," alisema Katibu. "Wewe mke hawezi kukukataa."

*

Meneja hakumkataa, ila alimweka. Alimwacha kwenye benchi la varanda, ambako mfagiaji alipiga deki mpaka miguuni pake, akamwambia, "Inua, dada," akapitisha tambara, halafu akamwambia, "Teremsha." Katibu muhtasi wa meneja alitoka mara mbili kumuuliza kama ana miadi, ingawa mara ya kwanza alishajibiwa. Malori yaliingia na kutoka uani. Kila breki ya upepo ilipokohoa, shingo yake iligeuka yenyewe, na kila mara aliyeshuka alikuwa mume wa mtu mwingine.

Alipoitwa ndani, meneja alisimama kumpokea. Hilo ndilo lililomtisha. Alimvutia kiti, akamwagizia soda, akamuuliza habari za mtoto.

"Tunaumia wote," alisema. "Huyu ni kijana wetu. Ndiyo maana hatutaki familia iteseke. Tumeandaa karatasi ndogo ya kawaida, usaini kama mke, na mshahara wake tutaendelea kukupa wewe mkononi mpaka atoke."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa na mistari michache tu, na meneja aliiweka kalamu juu yake kabisa, kama kijiko kwenye sahani. Alisoma: mume wangu, ambaye sasa ni 'prisoner', kwa mzigo alioubeba bila mwajiri wake kujua.

Alisoma tena. Alijua kwamba mtu mwenye ujasiri angesimama hapo hapo. Yeye alishika soda.

"Samahani, bosi," alisema. "Amehukumiwa lini?"

"Nani?"

"Mume wangu. Imeandikwa hapa kama mtu aliyehukumiwa."

Meneja alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Aa, hajahukumiwa. Hata mahakamani hawajampeleka, hawajaandika hata shtaka. Wamemweka tu. Sasa mama, neno ni neno, unaandika lile ambalo watu wanalielewa. Yuko ndani, si yuko ndani?"

"Yuko ndani," alisema.

"Basi."

Alikuwa amepewa, kwa soda na tabasamu, kitu kile kile alichokifuata, na aliyempa hakujua kama ametoa. Aliogopa uso wake usije ukamsaliti, akainama kuitazama ile karatasi.

"Kwetu siwezi kusaini kitu mama mkwe hajakiona," alisema.

"Mama mkwe anajua Kiingereza?"

"Hajui, bosi. Lakini anajua kukasirika."

Meneja alicheka sana, akamkunjia karatasi mwenyewe na kumfungulia mlango. Mfagiaji alikuwa bado varandani. "Tahadhari, dada, kunateleza," alimwambia. Mke wa dereva alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi, akatoka getini. Machozi yalimpata njiani, mbele ya duka la matairi, na fundi mmoja akaacha kujaza upepo akamuuliza kama ameibiwa.

"Bado," alimjibu.

*

Nyumbani alimweleza mama mkwe yote, akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo wakimwita jina la aliyehukumiwa, wao wanakuwa hawana kosa."

"Ndiyo, mama."

"Na mshahara?"

"Nisiposaini hawatatupa."

Vidole vya mama mkwe viliendelea. Alitoa punje mbovu, akatoa kijiwe, akatoa punje nzima bila kujua akaitupa.

"Alipokuwa mdogo," alisema, "nilimfungia ndani siku moja, nikaenda kuuza vitumbua vyangu. Sikuwa na mtu wa kumwachia. Niliporudi nilimkuta amelala chini ya mlango, pua yake iko kwenye ule upenyo wa chini, anavuta hewa ya nje. Mlango nilioufunga mimi mama yake." Aliutikisa ungo. "Mimi neno hilo siwezi kulisikia, mwanangu. Si kwamba sijui. Najua tangu siku ya kwanza."

Mke aliuweka mkoba chini. Kwa miaka yote aliyoishi na mama huyu walikuwa wamepishana jikoni kwa heshima, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na hawakuwahi kushikana mkono isipokuwa kwa salamu. Sasa aliketi sakafuni, akaingiza vidole kwenye ungo ule ule, wakachambua pamoja.

"Andika lile la lango la tatu," mama mkwe alisema mwishowe. "Ila usinisomee."

Aliandika kesho yake dukani, kabla wateja hawajaanza kugombania mashine ya nakala. Aliandika kwamba mume wake ni dereva, kwamba alipewa kontena likiwa limefungwa kwa lakiri, kwamba amezuiliwa, na kwamba hakuna hakimu aliyemwona wala shtaka lililosomwa. 'Detained.' Alipoliandika neno lile alilitazama kwenye kioo cha kompyuta kwa muda. Halikuwa neno la kilio. Lilikuwa neno kavu, la ofisini, halina damu wala jasho. Hakuna mahali ndani yake palipokuwa na kikohozi, wala blanketi, wala upande mtupu wa kitanda. Alitafuta kichwani Kiingereza cha kuliongezea hayo, akakosa. Na hata Kiswahili chake hakuwa amewahi kukitumia kwa kazi hiyo.

Akaliacha vile vile, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilikuwa na lango. Akaituma barua.

*

Lango lilifunguka. Si mara moja. Mwanasheria aliandika kwamba amekwenda, kwamba amerudishwa, kwamba amekwenda tena na karatasi ya jaji. Katikati ya kungoja huko mwisho wa mwezi ulifika, mshahara haukuja, na mwenye nyumba akaanza kuwasalimia kwa kikohozi. Mama mkwe aliacha kusema safarini. Hakuweka neno jingine mahali pake. Watu walipomuuliza alisema, "Tunangoja," nao wakajua.

Ilikuwa mchana wa Jumapili. Katibu alikuwa amekuja na mguu wake, Mama Redio amekuja kuazima kibiriti na ameganda mlangoni, mtoto anachora lori kwenye karatasi mbovu za duka la kuchapa. Simu ililia. Siku hizo spika yake ndogo ya sikioni ilikuwa imekufa; mtu hakusikia kitu mpaka aiweke kwenye spika kubwa, wote wasikie.

Alikuwa mwanasheria. Alisema kwa Kiingereza kwamba yuko naye, ndani, na kwamba atampa simu yake kwa dakika chache.

"Mama Kimya," ilisema sauti.

Ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kutikisa kichwa, kumwambia mkwewe aongee yeye.

"Nipo," alisema mke.

"Sikiliza, sina muda. Huyu dada amenikuta, sijui amenipataje. Anasema jaji ataniita, ila hajui ni lini. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa mwezi ujao. Lakini jana alikuja wakala wa kampuni na karatasi. Nikisaini kwamba mzigo ulikuwa wangu, watanihukumu haraka, kifungo kifupi, na nyinyi mshahara mtaupata wote. Na wa nyuma." Alikohoa kwa muda. "Nimechoka, mke wangu. Najua hamna kitu hapo. Karatasi iko hapa, na kalamu. Dada ananiambia nisisaini, lakini yeye si mke wangu. Wewe unasemaje?"

Chumba kizima kilimtazama. Katibu alikuwa ameurudisha mguu wake. Mke wa dereva alihisi midomo yake ikilitengeneza lenyewe lile jibu la siku zote, la mke mwenye adabu, lisilomzuia mtu wala kumwomba kitu.

"Utakavyoona wewe," alisema.

"Haya," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayejifunika blanketi. "Basi nitaona."

Wakasikia karatasi ikivutwa mezani.

"Ngoja!"

Mtoto aliinua kichwa. Hakuwahi kumsikia mama yake akipaza sauti, hata siku sufuria la maji ya moto lilipomponyoka.

"Usisaini," alisema mke. Alikuwa amesimama, simu ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, na sauti yake haikuwa ndogo. "Huo mshahara utakuja hapa, utakaa wapi? Utakohoa? Utaniita Mama Kimya? Nitafua, nitachapa usiku na mchana, tutakula tutakachokula, sisi si wa kwanza. Wewe usiwape jina lako. Mama yupo hapa anasikia, Katibu yupo, Mama Redio yupo mlangoni, na wasikie wote maana sisemi tena kwa adabu. Nakutaka wewe. Kila nikiamka nakunyooshea mkono, hupo. Sikutaki uwe salama huko, sikutaki uwe mvumilivu, nakutaka urudi. Nakutaka wewe, mume wangu, nakutaka wewe."